Shahada ya Masomo ya Mbali na Thamani Yake



Leo twakusudia kusema nanyi juu ya jambo linaloulizwa sana katika kisiwa chetu cha Pemba, hasa baada ya msimu wa karafuu, wazee wanapokuwa na fedha mkononi na vijana wao wana hamu ya kusoma. Jambo lenyewe ni hili: mtu akikaa kwake Wete au Micheweni, asivuke bahari, akasoma kwa vitabu na kwa mtandao hata akapata shahada ya chuo kikuu, je, shahada hiyo ni sahihi, au ni karatasi tu?

Wako wasemao kwamba elimu isiyopatikana mbele ya mwalimu haina uzito. Sisi hatukubaliani nao. Tangu mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kiliwaruhusu watu wasiosoma katika vyuo vyake kufanya mitihani yake, na katika Vita Vikuu vya Pili hata askari wa Uingereza waliotekwa waliifanya mitihani hiyo makambini, ndani ya seng'enge. Nelson Mandela naye alipata shahada yake ya sheria mwaka 1989, akiwa bado mfungwa, kwa masomo ya mbali ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini.

Hapa kwetu kipo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa Sheria ya Bunge namba 17 ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994. Chuo hicho kina kituo chake Pemba. Mwalimu wa skuli aweza kusomesha mchana na kusoma usiku, bila kuliacha darasa lake. Lakini siku ya mtihani hukaa mbele ya wasimamizi, na karatasi yake husahihishwa na wengine. Hapo ndipo ilipo thamani ya shahada, wala si katika umbali au ukaribu wa mwalimu.

Wazee wetu walilijua jambo hili zamani. Mwanafunzi aliyehitimu kitabu hakujipa cheo mwenyewe. Alipewa ijaza na sheikh wake, na sheikh naye alikuwa na ijaza ya sheikh wake, mpaka silsila ikafika kwa mtungaji wa kitabu. Vyuo vikuu navyo vina ijaza yao, nayo huitwa ithibati. Katika Tanzania mwenye kuitoa ni Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoanzishwa mwaka 2005. Na kwa kuwa elimu ya juu ni jambo la Muungano, kazi yake yafika Unguja na Pemba pia. Tume hii hutoa orodha ya vyuo inavyovitambua. Lakini yafaa mtu aulize mara mbili: kwanza juu ya chuo, kisha juu ya somo lenyewe, kwa maana chuo chaweza kutambuliwa na somo moja lake likawa halijaidhinishwa. Na aliyepata shahada katika nchi ya kigeni huipeleka kwa Tume hiyo hiyo ipimwe.

Sasa tuje kwenye hatari. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua habari za kampuni ya Axact ya Karachi, iliyokuwa ikiuza shahada za vyuo visivyokuwapo duniani. Wanunuzi wengi walikuwa katika nchi za Ghuba, waliko jamaa zetu wengi. Hila yao kubwa haikuwa picha za majumba mazuri. Ilikuwa ni kubuni pia mabaraza ya ithibati, ili mwenye kuuliza ajibiwe na mwongo yule yule. Kwa hiyo haitoshi chuo kisema kimethibitishwa. Lazima ijulikane ni nani aliyekithibitisha, na kama serikali ya nchi kilipo chuo yamtambua. Chuo kinachoahidi shahada kwa siku chache, bila mtihani, kwa sababu ya ujuzi wako wa maisha tu, hicho hakihitaji hata kuulizwa.

Wala mtu asidhani kwamba akishapata kazi mambo yamekwisha. Mwezi wa Aprili 2017 serikali ya Tanzania ilitangaza orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliosemekana kuwa na vyeti vya kughushi, na wengi wao walikwisha kutumika miaka mingi. Vile vilikuwa zaidi vyeti vya sekondari na vya ualimu, lakini shahada nayo yaweza kukaguliwa vivyo hivyo.

Basi kabla fedha ya karafuu haijatoka nyumbani, na aandikiwe Tume, litajwe jina la chuo, jina la somo, na nchi. Jibu likija kwamba vyote vimo katika orodha, ada ilipwe. Likija kwamba havimo, fedha ingali mkononi, na mwaka haujapotea.