Mtoto Akienda Fildi Kampala

(Hotuba ya mjumbe wa kamati ya mikopo katika sherehe ya miaka 10 ya kikundi chetu, Kibingo)



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha miaka 10 sanduku letu likiwa bado linafunguliwa kwa funguo tatu, na funguo zote tatu zipo! (Makofi.)

Nimeombwa niseme juu ya jambo lililoleta ubishi katika mikutano yetu: je, mwanachama akopeshwe kwa ajili ya mtoto anayekwenda nje ya nchi kwa mafunzo kwa vitendo, yaani fildi? Wapo wanaosema mkopo huo hauna mazao. Mbuzi huzaa, genge huingiza, lakini fildi hailipwi. Ni kweli, nyingi hazilipwi. Mimi binti yangu alikaa Kampala miezi mitatu akijifunza kazi ya maabara, kwa hiyo ninayosema nimeyaona kwa macho na kwa mfuko.

Neno "nje ya nchi" lisitutishe. Sisi wa Kyerwa tukivuka daraja la Murongo tumeshaingia Kikagati, kisha Mbarara, Masaka, halafu Kampala. Dar es Salaam ni mbali kuliko huko. Wala hatuanzi sisi. Mwalimu Nyerere alisoma Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, na ni mwaka huo wa 1945 wasichana wa kwanza walipopokelewa pale.

Karatasi zianze mapema. Mtanzania haombi viza kuingia Uganda, lakini kitambulisho cha NIDA peke yake hakitoshi mpakani. Anahitaji pasipoti au hati ya kusafiria, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Tena muhuri wa matembezi ni wa matembezi. Aende na barua ya chuo na barua ya ofisi inayompokea, na aulize Uhamiaji wa kule kibali kinachomfaa kabla hajaanza kazi.

Sasa jamani, nauli ndiyo tunayoihesabu sote, na nauli ndiyo ndogo. Kazi ipo kwenye mwezi wa kwanza. Kampala chumba kimoja cha kupanga wanakiita muzigo. Binti yangu aliponipigia akasema, "Mama, natafuta muzigo," nikadhani begi limepotea stendi! (Kicheko.) Huo muzigo mwenye nyumba mara nyingi anaudai kodi ya miezi mitatu mbele. Vya bei ndogo vipo mabondeni, kama kule Bwaise, ambako mvua ikinyesha maji yanaingia ndani. Bado godoro, jiko, laini ya simu, na nauli ya kila siku. Wenyewe wanasema taksi, lakini ni basi dogo la abiria kumi na wanne.

Msichana aliyefika na nauli tupu atalala wapi wiki ya kwanza? Hapo ndipo anajitokeza mtu mwema mwenye chumba cha ziada. Akina mama, mnanielewa, sina haja ya kumalizia. Mkopo ninaoutetea ni wa kumwezesha binti kusema hapana.

Lugha nayo ina habari yake. Mbarara Kinyambo chetu kitamsaidia, maana Kinyankore ni ndugu yake. Kampala ni Kiganda. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili kwenye Katiba ya Uganda tangu marekebisho ya 2005, lakini sokoni wapo wanaokiogopa, kwa sababu kwa miaka mingi walikisikia vinywani mwa askari. Basi aanze na "Wasuze otya, nnyabo", amwite mwanamume "ssebo", na akimsalimia bibi mwenye nyumba asione haya kupiga goti. Binti yangu alifanya hivyo, yule bibi akamkubalia kulipa kodi mwezi kwa mwezi. Nyumbani kwake walikula pamoja ndizi za kupikwa kwa mvuke ndani ya majani na kupondwa. Eti alikosa tu zetu za kuchanganya na maharage.

Fedha ya kule inaitwa shilingi kama yetu, ila thamani ni nyingine na inabadilika. Asibadilishe zote mpakani kwa mtu wa kwanza anayemkimbilia.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, kamati inaleta ombi hili. Mkopo utolewe kwa awamu mbili: ya kwanza ya karatasi na nauli, ya pili ya kodi na chakula cha mwezi wa kwanza, mtoto akishaleta barua ya kupokelewa. Marejesho yasiwe ya miezi mitatu kama mkopo wa genge. Yasubiri mama auze kahawa. Wadhamini wawe wawili, kama kawaida. Na mfuko wa jamii usiguswe, huo ni wa misiba na wagonjwa.

Wapo wanachama wawili ambao mabinti zao wana barua tayari mkononi. Naomba jambo hili lipigiwe kura Jumamosi ijayo, kabla ya kununua hisa.