Tanki Lisiache Bomba Nyuma

(Mazungumzo na kamati za vikundi na vijana wanaochora kwa kompyuta)



Nimeombwa niongee na vijana wanaochora michoro ya miradi, lakini wazee wa kamati, tafadhali msitoke. Pesa ni zenu.

Nianze na aibu yangu. Tulikuwa na mchoro mzuri wa tanki la maji ya mvua: ukuta wa duara, bomba la kuingiza maji kutoka kwa gata, bomba la kutoa maji yakizidi, mfereji, na bomba la kusafishia kule chini. Kikundi jirani wakataka tanki kama hilo shuleni kwao. Nikafungua mchoro kwa AutoCAD, nikachagua, nikanakili, nikabandika kwa mchoro wa shule. Dakika mbili tu! Sikuona kwamba bomba la kusafishia limebaki nyuma. Fundi naye alijenga alichokiona kwa karatasi. Ikabidi kutoboa ukuta uliokwisha pigwa plasta, na simiti ya kuziba ilinunuliwa na akina mama wale wale waliobeba mchanga kwa mgongo.

Kosa lilikuwa wapi? Kwa kompyuta, tanki si tanki. Ni mistari na maduara, kila kimoja kivyake, mpaka wewe uvifunge pamoja.

Njia ya kwanza ni amri ya GROUP. Ukigusa kitu kimoja, vyote vinashikwa. Ni nzuri, lakini ni kama kuni zilizofungwa kwa kamba legevu. Ukibonyeza Ctrl, Shift na A pamoja, hata kwa bahati mbaya, mshiko huo unazimwa, na ukigusa mstari unashika huo peke yake. Hapo ndipo nilipopatikana. Nilizungushia tanki kisanduku kwa mausi, bomba likabaki nje.

Njia ya pili ni BLOCK, na ndiyo ninayoipenda. Vitu vinakuwa kitu kimoja chenye jina na nukta ya kushikia. Kwa tanki, mimi huweka nukta hiyo katikati ya sakafu. Bloku hainakiliwi nusu. Kama hukuitengeneza mapema, nakili vyote kwa Ctrl na C, halafu kwa mchoro mpya bonyeza Ctrl, Shift na V. Vitabandikwa kama bloku moja. Shida ni kwamba kompyuta yenyewe huipa jina, tena jina lisilosomeka.

Na majina yana hatari yake. Ukileta bloku inayoitwa TANKI kwa mchoro ambao tayari una TANKI nyingine, programu inaacha yako na kuweka ile ya zamani. Unafikiri umeleta tanki la lita 10,000, kumbe limekaa lile dogo la mwaka juzi. Kwa hiyo jina liwe na ukubwa na mwaka. Pia pimeni upana baada ya kubandika, maana mchoro mmoja unaweza kuwa wa milimita na mwingine wa mita.

Wazee, kabla ya kutia sahihi, mwambieni kijana aguse tanki mara moja mbele yenu, alisogeze kando. Likisogea lote, halafu hesabuni mabomba: moja, mbili, tatu, na mfereji.

Haya, kompyuta iko mezani na stima ipo. Nani aanze?