Nani Anaishi Chini ya Tuta? Madaraja ya Usalama ya Mabwawa Madogo ya Udongo



Jioni ya tarehe 9 Mei 2018, mvua ya masika ikiwa imekolea, tuta la bwawa la shamba moja huko Solai, Kaunti ya Nakuru, lilikatika. Maji yalishuka mlimani na matope na mawe, yakapita juu ya makazi yaliyokuwa bondeni, na watu wasiopungua 47 wakafa, watoto wengi wakiwemo. Bwawa lile halikuzalisha umeme wala halikulisha jiji maji. Lilikuwa la kumwagilia shamba, la aina ambayo kila mmoja wetu humu anaweza kutaja mabwawa mawili matatu katika wadi yake.

Nimeombwa nieleze madaraja ya usalama ya mabwawa ya aina hiyo. Nitayaeleza, lakini niseme mapema ninakoelekea: daraja tunaloliandika kwa kupima tuta na maji peke yake halijatuambia bado jambo kubwa kuliko yote.

Kanuni za Usimamizi wa Rasilimali za Maji za mwaka 2007 ziligawa mabwawa ya Kenya mafungu matatu. Daraja A, la hatari ndogo, ni bwawa ambalo kina chake cha kawaida hakifiki mita 5, linabeba chini ya mita za ujazo 100,000, na eneo linalolichangia mvua ni chini ya kilomita za mraba 100. Daraja B, la hatari ya wastani, linapanda hadi karibu mita 15 na mita za ujazo milioni 1. Yanayozidi hapo ni daraja C. Mgawanyo huu una faida yake, kwani afisa mwenye ramani na kifaa cha kupimia anaumaliza bila mabishano. Lakini tazameni kinachopimwa: kina, ujazo, eneo la mvua. Binadamu hayumo.

Tuchukue silanga, yaani bwawa dogo la udongo, ya daraja A yenye kina cha mita 4.5 na maji mita za ujazo 80,000. Mita moja ya ujazo ni tani moja. Tuta likikatika na maji yote yakatoka kwa nusu saa, wastani unapita tani 40 kila sekunde, na mkondo unapofikia kilele huwa mkubwa kuliko wastani huo. Bwawa hilo likiwa juu ya mbuga tupu, tutapoteza mifugo kadhaa na ua wa seng'enge. Likiwa juu ya shule ya bweni, sina haja ya kuendelea. Kwenye karatasi yote mawili ni hatari ndogo.

Nchi nyingine zilifika kwenye jambo hili kwa vifo. Usiku wa tarehe 6 Novemba 1977, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, bwawa la Kelly Barnes lilibomoka juu ya chuo cha Biblia cha Toccoa Falls na kuua watu 39. Lilikuwa tuta la udongo la mita zipatazo 12, lililowahi kutumika kwa umeme hadi 1957. Sheria ya kukagua mabwawa ilikuwapo Marekani tangu 1972. Fedha za kuitekeleza ndizo zilizokosekana. Rais Jimmy Carter, ambaye mwenyewe alitoka Georgia, aliamuru ukaguzi uanze baada ya msiba huo, na miaka iliyofuata maelfu ya mabwawa yakakaguliwa.

Leo orodha ya mabwawa ya Marekani huuliza maswali mawili yasiyochanganywa. La kwanza: likivunjika, litaumiza nani? Likitazamiwa kuua hata mtu mmoja, huandikwa hatari kubwa, hata kama lilijengwa jana na halina ufa. La pili: hali yake ikoje? Hapo majibu ni ya kuridhisha, ya wastani, duni, isiyoridhisha, au haijapimwa. Bwawa linaweza kuwa la hatari kubwa na hali nzuri, na hilo si bwawa bovu. Linaweza kuwa la hatari ndogo na hali mbovu, na hilo linaweza kusubiri bajeti. Tunaloliogopa ni lile linaloangukia pabaya kwenye maswali yote mawili. Hapa kwetu neno hatari limebebeshwa maana zote mbili, ndiyo maana mwenye bwawa akiambiwa bwawa lake ni la hatari kubwa hukasirika akidhani fundi wake ametukanwa.

Afrika Kusini wameunganisha ukubwa na athari kwa njia ninayoipenda. Sheria huanza kulitazama bwawa likizidi ukuta wa mita 5 na maji mita za ujazo 50,000. Kisha bwawa dogo huwekwa kundi la kwanza ikiwa tu bonde lake halina watu wa kupoteza. Maisha ya watu yakiingia, linapanda kundi la pili, hata kama ukuta haukuongezeka sentimita moja.

Ugumu ni kwamba bonde halitulii. Silanga iliyochimbwa miaka ya 1950 juu ya malisho ya mlowezi, leo ina ploti za robo ekari chini yake, kanisa, na kituo cha boda boda. Tuta ni lilelile, daraja lilelile, faili lilelile. Waliohamia bondeni hawakuulizwa na hawakuambiwa. Kwa hiyo daraja la athari lipitiwe upya kila ardhi ya chini inapogawanywa, na ofisi ya ardhi isitoe kibali cha kugawa ploti bila kupata jibu la ofisi ya maji. Najua ofisi hizi mbili zinavyoelewana. Bado napendekeza.

Tukiwa hapo, tusisahau kuta ambazo si mabwawa. Aprili 2024 kule Mai Mahiu ilitangazwa kwanza kuwa bwawa limepasuka. Baadaye mamlaka zikaeleza kuwa ni maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani, baada ya njia ya maji chini ya reli kuzibwa na taka za mafuriko. Tuta la reli halipo kwenye orodha yoyote ya mabwawa, lakini maji yakilifanya bwawa, litavunjika kama bwawa.

Sasa hali ya tuta lenyewe. Mabwawa ya udongo hufa hasa kwa njia mbili: maji kupita juu ya tuta na kulikata, au maji kupita ndani yake na kuchukua udongo kidogo kidogo mpaka tundu linapatikana. Dalili za njia ya pili wanazijua wachungaji kabla yetu. Maji safi yanayochuruzika mguuni mwa tuta ni ya kuangaliwa na kupimwa; yakigeuka ya matope, tuta linabebwa. Chunguzeni hasa pale bomba linapotokea, kwa kuwa udongo unaolizunguka mara nyingi haukushindiliwa vizuri. Vichuguu vya mchwa, mashimo ya fuko, na mti uliokatwa ukaacha mizizi ioze ndani, vyote ni njia za maji.

Njia ya kwanza, kwa masilanga yetu, huanza na nia njema. Kiangazi kikikaribia, kamati huziba njia ya maji ya ziada kwa magunia ya mchanga ili bwawa libakize nusu mita zaidi. Nusu mita hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya mafuriko. Wengine hutandaza nyavu hapo kuzuia samaki wasitoroke, nyavu zinakamata majani, majani yanakuwa ukuta. Ng'ombe nao hupita mahali pamoja kwenye kilele cha tuta mpaka pakawa na bonde, na maji yakipanda yataanzia hapo. Haya yote mjumbe wa kamati anaweza kuyaona asubuhi moja bila mhandisi, na fomu ya ukaguzi niliyoambatisha haimwombi zaidi ya hayo.

Fomu hiyo ina mstari mmoja ambao najua utaleta ubishi: ukiandika duni, maji yashushwe kabla ya masika. Masilanga mengi hayana mlango wa chini, basi watu huuliza yashushwe vipi. Bomba la inchi 6 likilazwa juu ya tuta, likajazwa maji, ncha moja bwawani na nyingine chini bondeni, huvuta lenyewe bila pampu. Kwenye mwinuko wa Nakuru likipandisha zaidi ya mita 5 hivi juu ya uso wa maji halitabiriki, lakini kwa tuta la silanga inatosha. Likitoa lita 35 kwa sekunde, ni mita za ujazo 3,000 kwa siku. Katika mfano wetu wa 80,000, mita ya juu peke yake inaweza kuwa na karibu nusu ya maji yote, hivyo mabomba mawili yataishusha kwa takriban wiki moja. Mvua ikishaanza hayatafua dafu. Bomba hilo ni bora linunuliwe na kaunti na kuwekwa stoo ya wadi, maana kamati ya silanga moja haitalitumia kila mwaka, na nani atalipia usafiri wake ni jambo ninaloomba tulijadili mchana.