Mlima Ndani ya Maji
Maneno ya mchoraji, yaliyotolewa ukumbini usiku wa maadhimisho



Nimeombwa nieleze picha iliyo ukutani nyuma yangu: Mlima Kailash, makao ya Bwana Shiva, na mbele yake Ziwa Manasarovar. Mlima huo uko Tibet, nao una zaidi ya mita 6,600, yaani unaipita Kilimanjaro yetu. Sijaukanyaga. Uchoraji niliojifunza ni ule ulioanzishwa na marehemu Edward Saidi Tingatinga hapa hapa Kinondoni, Oysterbay, mwishoni mwa miaka ya 1960: rangi za kung'aa, silingibodi, mnyama mmoja, na nyuma yake rangi tupu. Maji yanayoakisi hayakuwamo katika mafunzo yetu.

Basi nilifanya kama mtu anayekunja karatasi: nikauchora mlima, kisha nikaugeuza kichwa chini ndani ya ziwa. Kamati ikaipokea kazi na kunilipa. Mama mmoja mzee wa hekalu akaitazama sana, akasema, "Mwanangu, haya si maji, huu ni mlima wa pili."

Sikulala. Alfajiri nilijaza maji katika beseni, nikaweka jiwe ng'ambo ya ukingo na ndoo nyuma yake, nikainama. Niliona mambo matatu. Majini, jiwe liliificha ndoo zaidi kuliko juu, kwa kuwa sura ya majini ni kama ya mtu anayetazama kutoka chini. Cheupe kilififia, na cheusi kikapungua weusi. Tena nilipoyagusa maji kwa kidole, sura zote zikavurugika.

Nikaomba ruhusa, nikalifuta ziwa, nikalichora upya kwa gharama yangu. Sasa theluji ya majini ina rangi ya majivu, na vilima vya mbele vimemeza sehemu kubwa ya mlima.

Mama yule alinieleza kwamba manas ni akili, na sarovar ni ziwa. Husimuliwa kuwa Brahma aliliumba kwanza katika fikra zake. Ndipo nikaelewa kwa nini hakuweza kunyamaza.

Wenzangu waliniuliza kwa nini nirudie kazi iliyokwisha kulipwa, tena katika nyumba ya ibada isiyo ya dini yangu. Niliwajibu: jirani akikukabidhi ukuta wake, usimwachie uongo juu yake.