MIZIZI, MAJI NA CHUMVI YA ARDHI
(Hotuba kwa Machifu, Walimu na Wakulima)

Leo twapenda kuwaelezeni jambo litendekalo chini ya miguu yetu, ambalo jicho halilioni mpaka shamba limekwisha kuharibika.

Huko Australia ya Magharibi zamani palikuwa na misitu mikubwa ya mikalitusi. Mvua itokayo baharini ilileta chumvi kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka. Miti ile yenye mizizi mirefu iliyanywa maji mwaka mzima, na chumvi ikalala chini sana, isimdhuru mtu. Kisha walowezi wakakata miti, wakapanda ngano. Ngano ina mizizi mifupi kuliko miti, nayo huishi miezi michache tu. Mvua isiyonyweka ikazama, maji ya chini yakapanda, yakaiyeyusha ile chumvi na kuja nayo juu.

Maji hayo yakifika kadiri ya mita 2 kutoka uso wa ardhi, udongo huyavuta kama utambi uvutavyo mafuta ya taa. Jua huyakausha, chumvi husalia. Mwaka 1924 W. E. Wood, injinia wa reli, aliandika kwamba chumvi ya udongo na vijito vya nchi hiyo iliongezeka baada ya mimea ya asili kuondolewa. Hata hivyo ukataji uliendelea, na leo zaidi ya hekta 1,000,000 zimeingiwa na chumvi.

Angalieni, waungwana: mara nyingi akataye miti ni mwenye shamba la juu, na apataye hasara ni mwenye shamba la bondeni, tena baada ya miaka mingi. Kwa hiyo si shauri la mtu mmoja, ni shauri la baraza zima.

Dawa ni nini? Wakulima wengine wa huko hupanda luseni, majani ya malisho ya jamii ya kunde, ambayo huishi miaka kadhaa na mizizi yake hushuka kupita ile ya ngano. Lakini hupandwa mapema, tena juu ya mteremko, kwani luseni haistahimili chumvi nyingi wala maji yaliyotuama.

Nasi tulimao kwa mifereji katika nyanda kavu tuna hatari iyo hiyo. Mizizi hunywa maji, na chumvi iliyo nyingi huiacha udongoni. Tukimwagilia kupita kiasi, maji ya chini hupanda; yakikosa njia ya kutokea, chumvi hurudi juu. Basi tumwagilie kwa kiasi; tuchimbe mitaro ya kutolea maji, ili chumvi ioshwe na kuondoka; wala tusiiache ardhi tupu bila mmea. Mkiona weupe juu ya udongo wakati wa kiangazi, na mimea ikinyauka hata penye unyevu, mpelekeeni habari Bwana Shamba upesi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.