Acheze Kwanza, Aeleze Baadaye

Leo tunasema na wazazi wa Todonyang, Lodwar na Kakuma, na walimu wa madarasa ya chini huko.

Mtoto anayecheza, anajifunza. Mtazame akichimba mashimo mchangani na kugawa vijiwe, kimoja kimoja. Anahesabu. Anakisia cha mwisho kitaangukia shimo gani. Tena anangoja zamu yake, na hilo si jambo dogo kwa mtoto mdogo wa shule.

Mwalimu, uingize mchezo huo darasani, ila uupe lengo. Amua mapema: leo ni kujumlisha, au kutoa? Waache wacheze. Kisha uliza: “Umejuaje?” Hapo ndipo mchezo unapogeuka somo. Akitaka kujibu kwa Kiturkana, ajibu. Mtaala wetu unaikubali lugha ya nyumbani katika madarasa ya chini. Nasema tena: acheze kwanza, aeleze baadaye.

Nawe mzazi, usimkemee mtoto kwamba anapoteza wakati. Jioni mwachie nafasi acheze apendavyo, bila maswali ya mtu. Mtoto anauhitaji mchezo huo pia. Wadogo kabisa wape vijiwe vikubwa, wasije wakavimeza.