Nyumba ya nguzo na boriti: tuanze na mifupa, manjanja yatafuata

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka, teritwari ya Fizi)



Nimeombwa niseme juu ya nyumba kwa sababu leo mtakata shauri namna ya kutumia sanduku la ujenzi: tununue manjanja tu, ama tujenge mifupa ya nyumba kwanza. Mimi niko upande wa mifupa. Nitaeleza juu ya nini.

Tangu misafara ya mashua ilipoanza kutoka Kigoma mwaka 2005, warudi wengi wamejenga namna moja. Mtu anakata miti mibichi, anaichimbia chini, anafunga matete, anakandika udongo, halafu juu anaweka manjanja ya msaada. Siku ya kuingia ni furaha. Lakini mti mbichi ndani ya udongo wenye maji ni chakula cha mchwa. Mvua zikirudi mara mbili, tatu, nguzo zimeoza, ukuta unalala upande, na mwenye nyumba anauza manjanja ili apate chakula. Kwenye karatasi ya ripoti, familia ile iko na nyumba. Kwa kweli, iko chini ya turubai tena.

Nyumba ya nguzo na boriti inabeba paa kwa mifupa yake yenyewe. Ukuta haubebi kitu, unafunga upepo tu. Hapo njo faida ya kwanza kwa maskini: paa linapanda mapema, familia inalala pakavu, ukuta unakuja polepole kwa nguvu ya kila mtu. Huyu ataweka tofali mbichi, yule mbao, mwingine udongo na matete.

Tuchukue nyumba ya metre 4 kwa 6. Ukiweka nguzo kila metre 2 kuzunguka, unahitaji nguzo 10, unene wa sentimetre 15 hivi. Nguzo haiingii ndani ya udongo. Inakaa juu ya msingi wa mawe na sementi, ulioinuka sentimetre 30 juu ya ardhi. Kipande cha ferabeto kinatoka kwenye sementi na kuingia ndani ya nguzo, ili upepo wa ziwa usiisukume. Mchwa akitaka kupanda, lazima ajenge njia yake ya udongo juu ya jiwe, na wewe unaiona asubuhi unapofagia. Unaikwangua.

Kabla ya kusimamisha kitu, pimeni kamba kutoka kona hadi kona. Kwa nyumba ile, pande zote mbili ziwe karibu metre 7 na sentimetre 21. Kama hazilingani, nyumba imepinda hata kabla haijazaliwa.

Boriti inaunganishwa na nguzo kwa tundu na ulimi. Ulimi uwe kama theluthi moja ya unene wa mti. Halafu unapigilia kigingi cha mti mgumu uliokauka vizuri. Nguzo ikiendelea kukauka, inajikaza na kukibana kile kigingi. Na kila kona iwekewe mti wa mshazari kutoka nguzo hadi boriti. Bila mshazari, nyumba ni kama sanduku lisilo na misumari. Hapa hatuwezi kusahau: tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005 chini ya Ziwa Tanganyika liliumiza Kalemie, na lile la tarehe 3 Februari 2008 liliangusha nyumba Bukavu. Mbao iliyofungwa vizuri inayumba na kurudi. Tofali isiyofungwa inaanguka juu ya watoto.

Iko jambo lingine ambalo warudi mnalijua kuliko mimi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni ya Leta, sisi tunapewa haki ya kuitumia. Wengi wenu mlikuta mtu mwingine kwenye parsele ya baba yenu, na palaver haijaisha. Ukijenga ukuta wa tofali halafu ukashindwa kesi, umeacha jasho lako pale. Nyumba ya vigingi inafunguka: unaandika namba kwenye kila mti, unaivunja pole, unaisimamisha pengine. Hii haiondoi lazima ya kupata karatasi ya chefu kwanza. Inapunguza hasara tu.

Na kila nyumba ifuate watu wake. Mzee anayetembea kwa magongo apewe mlango mpana bila ngazi. Mama mjane mwenye watoto wengi aachiwe boriti ndefu upande mmoja, ataongeza chumba kesho.

Sitaficha bei. Mti ulionyooka na kukauka ni ghali, na seremala anayejua ulimi na tundu anataka mshahara wake. Kwa feza ileile tutajenga nyumba kidogo mwaka huu. Tena miti ya milimani inakwisha, kwa hiyo kila familia ipande mikaratusi kwa ajili ya nyumba za wajukuu, mbali na chemchemi, kwa sababu inakunywa maji mengi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Wanachama: salongo ya kubeba mawe na kusimamisha nguzo, ili feza ya sanduku ilipe mbao na seremala. Maseremala wetu: kila mmoja achukue vijana wawili wa kufundisha. Wafadhili: msihesabu manjanja yaliyogawanywa, rudini baada ya miaka mitano, muhesabu nyumba zinazosimama.

Wajane wanaolala chini ya turubai wanangoja shauri lenu la leo.